Uhamisho Si Hukumu: Polisi, Nguvu na Haki ya Askari

Mhadhara wa umma, Rhonda, Nakuru



Nimeombwa nizungumzie jinsi polisi wanavyotumia nguvu. Nimeongeza jambo ambalo huwaudhi wengi: haki ya askari anayeshutumiwa kuzitumia vibaya. Hoja yangu ni moja. Utaratibu unaomkinga askari asihukumiwe kwa uvumi ndio huohuo unaomfikisha kizimbani akiwa na hatia. Tukiupuuza, anayepona ni mkosaji.

Tuanzie nyumbani. Mwishoni mwa Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, Nakuru iliwaka, na majirani wa Rhonda na Kaptembwa waliokuwa wakiombana chumvi wakafukuzana. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Tume haikuwalaumu polisi kwa kosa moja tu: kwingine walifyatua risasi kupita kiasi, kwingine watu waliuawa bila kupata ulinzi.

Kamishna wa Polisi wa wakati huo, Meja Jenerali Mohammed Hussein Ali, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Hague, kuhusu mashambulizi ya Nakuru na Naivasha. Januari 23, 2012 majaji walikataa kuthibitisha mashtaka dhidi yake, kwa kuwa ushahidi haukutosha kuonyesha kwamba polisi walishiriki mashambulizi hayo. Ni uamuzi mchungu kwa aliyezika mtu wake. Hata hivyo mahakama haimfungi mtu kwa ukubwa wa majonzi yetu. Humfunga kwa ushahidi, na ushahidi usiokusanywa mapema ni vigumu kuupata baadaye.

Baada ya maafa hayo tulipata Katiba ya 2010, kisha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi na ile iliyounda IPOA, mamlaka huru ya kuchunguza utendakazi wa polisi, zote za 2011. Jedwali la Sita la sheria ya polisi lingefaa kubandikwa ukutani katika kila kituo. Linasema askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Akilazimika kutumia nguvu, zilingane na uzito wa kosa na ukaidi anaokabiliana nao. Aliyejeruhiwa apewe matibabu mara moja, na jamaa zake waarifiwe. Amri ya mkubwa si kisingizio cha kuvunja sheria.

Tuseme risasi inalia usiku huu katika kichochoro kimoja hapa na kijana anaanguka. Kisheria, mkubwa wa askari aliyefyatua anapaswa kuijulisha IPOA bila kukawia, na mahali pa tukio palindwe. Ganda la risasi libaki pale lilipoangukia. Bunduki ijulikane ilitolewa kwa nani, saa ngapi, ikiwa na risasi ngapi. Mambo haya madogo ndiyo haki yenyewe. Kama askari alikuwa akiokoa maisha, ganda hilo litamtetea. Kama alimpiga mtu aliyekwisha kuinua mikono, litamshtaki. Anayeliokota na kulitia mfukoni anawaibia wote wawili.

Kesi ya kituo cha Ruaraka, Nairobi, inaeleza hayo vizuri kuliko mimi. Desemba 2013 mtu aliyekuwa kizuizini alipigwa kituoni humo hadi akafariki. Aliyesingiziwa mauaji mwanzoni alikuwa mahabusu mwenzake. IPOA ilipochunguza, maelezo ya waliokuwa seli yakageuza mkondo wa kesi. Mahabusu yule akaachiliwa, na mkuu wa kituo, Nahashon Mutua, akapandishwa kizimbani. Mahakama Kuu ilimpata na hatia ya mauaji Desemba 2018, na Februari 2019 ikamhukumu kifo. Alikuwa na wakili, na mashahidi walihojiwa mbele yake. Hukumu ya namna hiyo haiwezi kuitwa kisasi.

Katiba inamwekea askari mipaka ambayo raia hana. Kifungu cha 24 kinaruhusu baadhi ya haki zake, kama zile za wafanyakazi, zipunguzwe kwa sheria. Lakini kifungu cha 25 kinasema haki ya kesi ya haki haipunguzwi kwa yeyote. Kifungu cha 236 kinakataza afisa wa umma kufutwa, kushushwa cheo au kuadhibiwa bila utaratibu wa sheria.

Sasa tazameni desturi yetu. Mtu anaumia, watu wanachoma matairi, askari anahamishwa, barabara inafunguliwa. Uhamisho huo ni dhuluma kwa kila mtu. Familia haipati jibu. Askari asiye na hatia anabeba doa bila kusikilizwa. Mwenye hatia anapewa mtaa mwingine na bunduki ileile.

Nasi raia tusijitoe lawamani. Genge la Confirm lilipotia mji hofu mwaka 2022, wako waliosema wahuni hao wamalizwe tu, kesi ya nini? Anayempa askari ruhusa ya kuua bila kesi leo asishangae kesho mwanawe akiokotwa kwa kufanana na mhuni.

Ombi langu kwenu ni hili. Kukitokea lolote, andikisheni ripoti kituoni na mdai nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Pigeni picha mahali pa tukio kabla hapajakanyagwa, na mpeleke malalamiko IPOA. Aliyeona akubali kuitwa shahidi. Nanyi maafisa, vaeni nambari zenu zionekane, na risasi ikifyatuliwa, semeni kabla hamjaulizwa. Na siku tutakapoambiwa askari fulani amehamishwa, tuulize kwa sauti moja: kesi yake itasikizwa lini?