Usafi wa Nguo Huanzia Shambani



Kampuni ya nguo ikitaka kupunguza madhara yake kwa ardhi na maji, haitoshi kusafisha maji machafu ya kiwandani. Yaipasa kutazama pia dawa zinazopuliziwa pamba shambani. Kampuni ya Patagonia ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1994. Kufikia 1996 nguo zake zote za pamba zilitokana na kilimo hai. Wilayani Meatu, Tanzania, kilimo hicho kilianza mwaka huohuo wa 1994, kwa ushirikiano wa wakulima na kampuni ya Remei ya Uswisi.

Lakini pamba hai haitambuliki kwa macho. Anachonunua mnunuzi ni neno letu lililoandikwa. Shamba hukaa miaka 2 au 3 bila dawa wala mbolea ya viwandani kabla ya kupata cheti. Mwanachama mmoja akipulizia dawa kwa siri, kisha akaleta pamba yake ghalani, jasho la wote limepotea. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Kwa hiyo, katibu aandike daftari la kila shamba, na pamba hai iwe na siku yake ya mizani na ghala lake. Mwanachama aliyezidiwa na wadudu aje aseme mapema. Na akisema kweli, asiaibishwe. Hasara ya shamba moja hubebeka. Hasara ya uaminifu haibebeki.