Haki ya Dada wa Kazi Katika Ramadhan



Ndugu msomaji, ukimaliza swala ya alfajiri hebu tazama barabara za mitaa yetu. Kutoka Kibera kina mama wanaelekea Lang'ata na Kilimani kwa miguu. Kutoka Kawangware wanakwenda Lavington na Kileleshwa. Wengine hukaa kando ya barabara wakingoja kuitwa kufua, na asiyeitwa hurudi mikono mitupu. Mimi mwenyewe nimesomeshwa kwa pesa za kufua.

Twawalaumu matajiri, na tuna haki. Lakini mama akienda kibarua, watoto anamwachia nani? Mara nyingi ni msichana aliyeletwa kutoka mashambani. Kwetu alikuwepo mmoja, akilala jikoni. Ramadhan yeye ndiye wa kwanza kuamka kupika daku na wa mwisho kulala. Nikirudi tarawehe namkuta ameinamia karai la vyombo, nami napita tu. Hata siku moja sikumuuliza, "Dada, umefuturu?" Alipoondoka alikuwa akitudai mishahara ya miezi miwili.

Je, hiyo saumu yetu ilikuwa saumu gani?

Mtume (s.a.w.) alituamrisha tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, tumlishe tunachokula sisi, na tusimtwike asiloliweza, na kazi ikiwa nzito, tumsaidie. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 nayo inampa siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa malipo. Mshahara wa chini wa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi uliotangazwa 2024 ulipita shilingi 16,000 kwa mwezi. Pia ana haki ya kujiunga na chama chao, KUDHEIHA.

Utasema, "Sisi pia ni maskini." Kweli. Basi tusimlete mtoto wa watu kwa ahadi tusiyoiweza. Umaskini si ruhusa ya kudhulumu.

Kijana mwenzangu, usiku wa leo osha sufuria wewe, yeye apumzike. Na kama nyumbani kuna deni, wakumbushe wazazi kwa adabu. Mimi na mama tumeipata namba ya yule dada kwa jirani. Tutamlipa kabla ya Idd, inshaallah.

Allah atukubalie saumu zetu. Amin.