Mbwa Mwoga Uliyempokea

Ndugu mfugaji, huenda mbwa asiye na mwenyewe amefika kwako kaufyata mkia, nawe ukamhurumia ukaamua kumfuga. Umefanya vyema. Ila kumbuka jambo moja: woga na ugonjwa hufanana.

Mbwa mwoga hujificha, hususa chakula na hukataa kuguswa. Mbwa mgonjwa naye ni vivyo hivyo. Basi usiseme tu, "Atazoea." Mfunge peke yake, mbali na watoto, umpe maji na chakula, umtazame. Akizidi kunyong'onyea, na mkojo ukawa mwekundu kama chai ya rangi, huenda kupe wamemwambukiza ugonjwa wa damu. Mwite bwana mifugo upesi. Usimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe kwa kukisia. Ikizidi yaweza kumwua.

Hatari kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hukaa mwilini majuma, hata miezi, kabla ya kujitokeza. Mbwa mwoga akigeuka mkali ghafla, akatoka mate na kushindwa kumeza, usimtie mkono mdomoni ukidhani kakwamwa na mfupa. Kaa mbali, toa taarifa.

Akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Msingoje kuona mbwa atakuwaje. Dalili zikishamtokea mtu, ni nadra mno kupona.

Bwana mifugo akimwona mbwa ni mzima, achanjwe, na kila mwaka arudiwe.