Damu ya mtoto imekwenda wapi?

Leo tunajibu swali ambalo akina mama hapa kambini huliuliza mara kwa mara: mtoto ametibiwa malaria, homa imekwisha, mbona viganja vyake bado ni vyeupe?

Damu si maji mekundu tu. Maji yake yenyewe yana rangi ya manjano, na ndani yake zinaelea chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Zilizo nyingi kupita zote ni chembe nyekundu. Tone moja lina mamilioni ya hizo. Ndizo zinazobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi mwili mzima, na ndizo zinazoipa damu rangi.

Humo ndimo mdudu wa malaria anamoingia. Anazaliana ndani ya chembe nyekundu, anaipasua, kisha wale wapya wanavamia chembe nyingine, kila baada ya saa 48 hivi. Dawa inawaua wadudu, lakini chembe zilizopasuka hazirudi. Mwili unatengeneza nyingine ndani ya uboho wa mifupa, na kazi hiyo huchukua majuma kadhaa.

Kuna pia chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, na chembe sahani zinazoziba kidonda ili damu ikome kutoka. Hizo tutazirudia siku nyingine, maana kwa mtoto aliyetoka kwenye malaria hatari kubwa ni kupungukiwa na zile nyekundu.

Basi mama, na wewe baba, shika kiganja cha mtoto ukilinganishe na chako. Kama ni cheupe, mrudishe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akihema kwa shida, akilegea au akishindwa kunyonya, usingoje kupambazuke. Huenda akahitaji kuongezewa damu. Pale atachomwa kidole ili damu ipimwe. Ni tone tu, wala haliuzwi kama wengine wanavyosema.

Soda nyekundu haiongezi damu, hata ukinunua katoni nzima. Mtoto aliyeanza kula mpe maharage, dagaa, sombe au lengalenga. Chai usimpe pamoja na chakula, kwa sababu inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Akipewa dawa ya madini hayo kliniki, amalize yote. Choo chake kinaweza kuwa cheusi siku hizo. Ni dawa tu, usiiache kwa sababu hiyo.