Fidia Bila Uwazi Haileti Amani
Mazungumzo kwa viongozi wa mitaa na vyama vya wahanga, Kisangani

Leo tunazungumza juu ya pesa za fidia, kwa sababu zinaweza kuuponya mji wetu au kuugawanya tena.

Sote tunaijua vita ya siku sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliofanya tathmini mwaka ule ulitaja raia zaidi ya 760 waliouawa, wapatao 1,700 waliojeruhiwa na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibiwa. Watu 65,000 walikimbilia misituni.

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara waliyopata watu, 40 kwa mali na 60 kwa maliasili. Malipo yaligawanywa mara tano, dola milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. Fidia hiyo si ya Kisangani peke yake. Ituri nayo iliumia sana. Kuhusu Rwanda, Mahakama hiyo ilisema mwaka 2006 kwamba haina mamlaka ya kuisikiliza kesi yetu. Lakini mama aliyefiwa na mtoto hakuliuliza bomu limetoka upande gani.

Uganda inailipa serikali, haimlipi mhanga mkononi. Kati yao kuna mfuko wa serikali uitwao FRIVAO, wenye makao yake hapa Kisangani. Hapo ndipo macho yetu yanapotakiwa. Mwezi wa Septemba 2025, mahakama ya juu huko Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi ya kulazimishwa katika kesi ya dola zipatazo milioni 19 za fidia, zilizoelekezwa kwenye ujenzi wa gereza Kisangani. Yeye alikana mashitaka.

Mitaani athari yake ni shaka. Jirani akilipwa na mwenzake asilipwe, bila maelezo, watu huanza kusema: "Huyu ana ndugu ofisini," au "Kabila lile ndilo linalopendelewa." Chuki mpya huzaliwa kwa namna hiyo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, orodha ya wanaolipwa ibandikwe katika kila mtaa na isomwe kwa Kiswahili na Kilingala, ila majina ya waliobakwa yalindwe. Pili, mjane ambaye hati zake ziliungua pamoja na nyumba akubaliwe kwa ushuhuda wa majirani. Tatu, kila lalamiko lijibiwe kwa maandishi, hata jibu likiwa hapana.

Nanyi viongozi, waambieni watu wasimlipe yeyote anayeahidi kuwaingiza kwenye orodha. Mhanga hanunui haki yake.

Sasa tunawaachia nafasi ya maswali. Tungependa kuanza na mama zetu, ambao mara nyingi huitwa wa mwisho.