KALAMU, MSWADA NA CHAPA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na vijana wa madrasa)



Heshima ya kalamu haihitaji kuelezwa mbele ya Waislamu. Mtoto wa chuoni hufundishwa mapema kwamba kalamu imetajwa katika aya zile zilizotangulia kushuka, na huambiwa asikanyage karatasi yenye maandishi. Lakini kuiheshimu kalamu ni jambo moja, na kuishika ni jambo la pili. Watu wengi wenye elimu ya kutosha na maneno mazuri huishi na kufa bila ya kuacha ukurasa mmoja, na wakiulizwa sababu, hujibu kwamba kutunga vitabu ni kazi ya wenye shahada kubwa, au ya wakazi wa miji mikubwa penye mitambo ya kupigia chapa. Jawabu hilo lastahili kupimwa kwa habari za mtu aliyekuwa hana shahada hizo, wala hakukaa karibu na mitambo hiyo.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, na katika mtihani wa kumaliza masomo akatoka wa pili kati ya watahiniwa 11. Hapo ndipo masomo yake ya darasani yalipofikia. Mwaka huo wa 1926 aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha, akakaa humo mpaka mwaka 1944. Kisha akahamishiwa Mpwapwa, akarudi Tanga, na miaka yake ya mwisho kazini akaimaliza katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Maisha yake yote ya kazi, basi, yalikuwa ya kuandika barua za watu wengine na kujaza daftari za serikali. Vitabu vilitungwa katika saa zilizobaki baada ya kazi hiyo, na katika nyumba yenye watoto wa kulea. Mkewe Amina alifariki wangali vijana, na msiba huo akautia katika shairi linalojulikana mpaka leo. Binti yake Mwanjaa alimtungia utenzi wa mawaidha, na mwanawe wa kiume akamtungia wa kwake. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba mambo ya nyumbani yamemnyima nafasi ya kuandika na atazame vizuri: kwa Shaaban mambo hayo hayo ya nyumbani ndiyo yaliyokuwa maandishi.

Hakuanza na kitabu. Vijana wengi husahau jambo hili, wakaanza na jalada na picha ya mtungaji kabla ya kuwa na sura ya kwanza. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, na katika kurasa zake za mashairi washairi wa pwani na bara walipambana: mmoja akitoa fumbo, wa pili akilifumbua, wa tatu akimsahihisha wa pili. Shaaban alikuwa miongoni mwa waliotungia gazeti hilo. Ukurasa wa namna hiyo ulikuwa chuo kisichotoza ada. Shairi lenye kasoro ya vina lilionekana na mamia ya wasomaji, na kulikuwa na watu wasiokuwa na haya ya kuandika kwa mhariri na kusema kasoro iko wapi. Aliyekasirika akanyamaza, alipotea. Aliyetengeneza akarudi, aliendelea.

Na kasoro hizo zilikuwa na kipimo. Mstari wa shairi lililo maarufu zaidi huwa na mizani 16, nane upande huu na nane upande ule, na vina vyake hukaa katikati na mwisho. Utenzi nao huenda kwa mistari minne ya mizani nane nane, na kina cha mstari wa nne hudumu toka ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, hapa hapa ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, alizikusanya kanuni hizi akazitoa mwaka 1954 katika kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Wako wanaosema siku hizi kwamba kanuni humfunga mtungaji. Huenda ikawa kweli kwa fundi aliyekwisha kuzijua akachagua kuziacha. Lakini kijana ambaye hajawahi kuhesabu mizani hata siku moja hajafungwa na kitu, isipokuwa uvivu.

Nathari haina mizani ya kuhesabu, na kwa hiyo hudhaniwa kuwa rahisi. Si rahisi hata kidogo. Hapana kipimo chake ila sikio, na sikio hufanya kazi ukurasa unaposomwa kwa sauti. Sentensi inayomkata msomaji pumzi kabla ya kufika mwisho imezidi urefu. Neno ambalo msomaji huliruka bila ya maana kupungua halikuwa na haja. Na mahali anaposita akarudi nyuma ndipo mtungaji alipokuwa hajui alitakalo. Mswada uliosomwa hivyo mara mbili mbele ya mtu mwenye subira hupungua robo yake, na aghalabu hiyo robo ndiyo iliyokuwa ikimchosha msomaji.

Sasa yaja mambo ya chapa, na hapa ndipo penye uchungu. Shaaban alikaa Tanganyika, lakini waliotoa vitabu vyake vya mwanzo walikuwa mbali mno. Pambo la Lugha kilitoka Johannesburg, katika matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kusadikika kilitolewa na Nelson mwaka 1951, na Adili na Nduguze na Macmillan mwaka 1952, nazo zote mbili ni kampuni za Uingereza. Zaidi ya umbali kulikuwa na Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1930, ambayo ilitazama maandishi yaliyokusudiwa kwa shule na kutoa idhini yake. Kamati hiyo ilihamia Makerere, Uganda, mwaka 1952, na mwaka 1964 ikageuzwa kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili huko Dar es Salaam. Ilifanya mema mengi katika kusawazisha tahajia, hapana shaka. Hata hivyo ni ajabu kufikiri kwamba kwa miaka mingi aliyezaliwa na lugha alingoja hukumu ya aliyejifunza lugha hiyo ukubwani.

Kungoja huko kulikuwa kurefu. Kufikirika kiliandikwa mwaka 1946, na kikatoka kwa mpiga chapa mwaka 1967. Ni miaka 21. Mtoto aliyezaliwa mwaka kilipoandikwa alikuwa mtu mzima kitabu kilipoingia dukani, na mwandishi wake alikuwa amekwisha kuzikwa, kwani Shaaban alifariki Juni 1962. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968. Wanafunzi waliosoma vitabu hivyo shuleni walisoma maneno ya mtu ambaye hakuviona mwenyewe vikiwa na jalada. Naye hakukaa akiwalaumu watu wa mbali tu: katika miaka yake ya mwisho kazi zake kadhaa, kama vile Insha na Mashairi, zilitoka papo hapo Tanga kwa jina la Art and Literature. Alipokawizwa na wa mbali, alitafuta njia ya karibu.

Wengine walipita njia nyingine. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kwa miaka kumi kabla ya kuingia katika magazeti mwaka 1948. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyofanywa na shirika la vitabu la Afrika ya Mashariki, ikapigwa chapa mwaka 1960, na Bwana Msa akawa mpelelezi ambaye kila msomaji wa Kiswahili anamjua. Naye Sheikh Abdulla Saleh Farsy hakungoja mpaka kazi yake kubwa iishe yote: tafsiri yake ya Kurani aliitoa sehemu kwa sehemu, katika vijitabu, kabla ya kukusanywa na kutolewa kamili Nairobi mwaka 1969. Msomaji wa kijitabu cha kwanza alikuwa ndiye mnunuzi wa cha pili, na kosa lililoonekana katika hiki liliweza kuepukwa katika kile. Mwenye maandishi marefu na mfuko mfupi atafakari sana njia hii.

Mabibi mliohudhuria msidhani kwamba habari hizi ni za wanaume. Mwana Kupona aliandika utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Hakuwa na habari ya mchapishaji wala mkataba. Alitaka mtoto mmoja asome. Maneno yale yalinakiliwa kwa mkono, yakahifadhiwa na wanawake katika nyumba zao, na chapa ikayafikia zaidi ya nusu karne baadaye. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, nayo yaliokolewa na watu waliokuwa wameyahifadhi vifuani, mpaka Mwalimu Sikujua akasaidia kuyaweka katika maandishi. Diwani ikatoka mwaka 1940, miaka mia baada ya mwenyewe kuondoka.

Lakini si kila mtu aliyebahatika kuhifadhiwa. Huku Kongo na katika nchi za maziwa makuu yuko mtu mmoja ambaye habari zake zimo vitabuni kwa kinywa chake mwenyewe, naye ni Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayageuza katika herufi za Kirumi na kuyatoa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ni kitabu chenye faida kubwa kwa mwenye kutafuta historia. Humo msomaji hupata hesabu za pembe, majina ya machifu, na vita alivyopigana, kama alivyopenda yeye yakumbukwe. Wengi wa wale waliochukuliwa utumwani katika safari hizo hawakuandika neno, na hakuna aliyewaandikia. Upande mmoja una kitabu, upande wa pili una kimya, na msomaji wa leo hulazimika kuusikiliza ule ulioandika.

Ndiyo maana masanduku ya wazee yastahili kufunguliwa. Katika nyumba nyingi za Waislamu, za pwani na za bara, zimo karatasi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu: barua, hati za mahari, mashairi ya maulidi, hesabu za biashara. Mwenye kuzisoma ni mzee, na wajukuu wake hawazisomi. Kijana anayetafuta jambo la kuandika asihangaike na hadithi za miji asiyoijua. Na akae na babu au bibi karatasi hizo zikingali zinasomeka, aandike jina la kila mtu aliyetajwa, na apige picha kwa simu yake kila ukurasa kabla mchwa hawajautangulia.

Yamebaki machache ya kazi yenyewe. Mpiga chapa na mchapishaji si mtu mmoja. Mpiga chapa hulipwa, akatoa vitabu kadiri ya fedha alizopewa, na kama haviuzwi hasara ni ya mtungaji. Mchapishaji hutoa fedha zake mwenyewe, huhariri, huuza, na humlipa mtungaji sehemu ya bei, ambayo mara nyingi haizidi sana moja katika kumi. Anayejiita mchapishaji kisha akadai fedha kwa mtungaji ni mpiga chapa aliyevaa kanzu ya mwenziwe. Mkataba husomwa wote, hata maandishi madogo, na hasa mahali panaposema haki ya kitabu ni ya nani na kwa miaka mingapi. Asiyeelewa lugha ya mkataba atafute wa kumfasiria kabla ya kutia sahihi. Mswada wa pekee hautumwi popote. Zamani ilibidi kunakili kwa mkono au kwa karatasi ya kaboni. Leo kompyuta hufanya kazi hiyo kwa dakika moja, na bado wako wanaopoteza kazi ya miaka mitatu kwa kuiweka katika chombo kimoja kikaibwa.

Na mtungaji amwambie mtu wa nyumbani karatasi zake ziko wapi. Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua tangu mwaka 1931 mpaka 1958, na Ulenge hakuzitupa. Alizitunza zikapita vita, zikapita uhuru, zikapita na kifo cha mwandikaji. Mwaka 2002 zilitolewa kitabu Dar es Salaam, miaka 40 baada ya Shaaban kuzikwa, na zimo mikononi mwa wasomaji.