Subira Wakati wa Kungojea Matokeo



Vijana wetu wa Kabwe waliofanya mtihani wa Kidato cha Sita mwezi Mei wangojea matokeo, ambayo Baraza la Mitihani kwa kawaida hutangaza Julai. Majibu yamekwisha kuandikwa. Hofu haiongezi alama. Nabii Yaaqub (A.S.) alisubiri, lakini pia aliwatuma wanawe wakamtafute Yusuf. Basi subira si kukaa bure: kijana na asomeshe wadogo madrasa, asaidie kuanika dagaa mwaloni. Nasi wazazi tuache kuwatisha. Atakayeshindwa aweza kurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, au akasomee ufundi. Mwenye kugawa riziki ni Allah, si karatasi. Tumwombe awape kheri, na sisi atupe nyoyo za kuipokea.

Wabillahi tawfiq.